Shajara ya Mradi: Mwani Uliokataliwa wa Pemba na Nusu ya Sukari Isiyolika

Februari

Sampuli za mwanzo zimekusanywa katika pwani ya Micheweni, Kaskazini Pemba, siku za bamvua, maji yalipokupwa mbali na mashamba ya mwani yakawa wazi. Kaskazi ilikuwa bado inavuma na maji ya kina kifupi yalikuwa ya moto, na huu ndio msimu ambao mwani huugua zaidi: tawi hupauka mahali pamoja, mahali hapo hulainika, kisha tawi hukatika na kipande huchukuliwa na maji. Sehemu ya vipande hivyo hutupwa ufukweni, hujikusanya kwenye mstari wa maji makuu pamoja na majani ya bahari, na baada ya muda mfupi hugeuka utepetepe wenye harufu kali. Utepetepe huo ndio nilioufuata. Nimeuchota kwa vijiko vilivyotakaswa na kuutia katika vichupa vyenye kihifadhi cha DNA, na nikachukua pia mwani mzima kutoka kwenye kamba za karibu pamoja na maji yaliyouzunguka, ili pawe na cha kulinganishia.

Naweka hapa lengo la mradi kwa ajili ya wenzangu watakaojiunga baadaye. Utafiti huu wa baada ya uzamivu unatumia biolojia ya kikokotozi, yaani biolojia inayofanywa kwa hesabu za kompyuta, kuuliza swali moja: je, mwani ambao mkulima hauuzi, yaani uliokatika, uliooza au ulionyeshewa ukakataliwa na mnunuzi, unaweza kuwa malighafi ya ethanoli ya kupikia, na ni vimeng'enya gani, yaani protini zinazoendesha mibadiliko ya kikemia, vinahitajika ili jambo hilo liwezekane? Mwani mzuri haumo katika swali hili. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na tangu hapo kimekuwa pato la maelfu ya kaya, wengi wa wakulima wake wakiwa wanawake. Hakuna hesabu ya nishati itakayonishawishi kwamba mwani unaolipia ada za watoto na dawa za wazee ugeuzwe kuni.

Kabla ya kushuka pwani tulipita kwa sheha, kisha tukakaa na kikundi cha wakulima. Mama anayekiongoza alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, halafu akasema: "Mwanangu, huu uliooza chota utakavyo. Lakini siku ukiutaka ule mzima, njoo tuzungumze bei kwanza." Nilimjibu kwamba hilo limeandikwa katika mpango wa utafiti, na nikamsomea aya yenyewe. Alitaka pia kujua kama tutapeleka vichupa nje ya nchi na nani atakuwa mwenye haki ya kitakachopatikana humo. Nimeliingiza swali lake katika makubaliano ya sampuli, kwa sababu jeni za bakteria wa ufukwe wa Micheweni zina thamani, na wenye ufukwe wanastahili kutajwa popote zitakapotumika.

Machi

Kutoa DNA kwenye mwani uliooza ni kazi inayohitaji subira. Karajinani, ile sukari ndefu ambayo viwanda vya chakula huifuata katika mwani, hutoka pamoja na DNA, na mchanganyiko ukipoa huwa mzito kama uji uliolala. DNA iliyobeba uzito huo haisomeki, kwa kuwa sukari huzuia vimeng'enya vya kusomea. Njia iliyofaa ni kuosha utepetepe mara kadhaa kwa maji ya chumvi baridi kabla ya kuvunja seli, kisha kutumia sabuni ya CTAB katika chumvi nyingi, ili sukari itengane na DNA. Baada ya hapo nyuzi ndefu zilipatikana na mashine ya kusomea ikazipokea vizuri.

Usomaji umefanywa kwa nyuzi ndefu, na uunganishaji wa vipande umefanywa kwa programu ya Flye. Baada ya kuunganisha, vipande vimegawanywa katika mafungu kwa kuangalia wingi wake na mpangilio wa herufi zake, ili kila fungu likaribie kuwa jenomu, yaani DNA yote, ya bakteria mmoja. Kwa ubora nimefuata kiwango kilichokubaliwa na wanajenomu mwaka 2017: jenomu ya daraja la juu iwe na ukamilifu unaozidi asilimia 90 na uchafu, yaani DNA ya bakteria wengine, usiofika asilimia 5, na ya daraja la kati iwe na ukamilifu wa angalau asilimia 50 na uchafu usiofika asilimia 10. Mafungu yasiyofikia daraja la kati nimeyaweka kando, hata yale yaliyokuwa na jeni za kuvutia. Jeni isiyojulikana ni ya bakteria gani haina jirani zake, na katika kazi hii jirani wa jeni ni nusu ya ushahidi.

Kukatika kwa umeme kumeongeza muda wa hesabu. Kila hatua sasa huhifadhi matokeo yake kabla ya inayofuata kuanza, na kazi nzito huendeshwa usiku.

Aprili

Masika yameingia, na mvua imeleta jambo ambalo halikuwemo katika mpango. Mwani ulioanikwa ukinyeshewa huchujuka: rangi hupotea, chumvi huoshwa, na mnunuzi akiuona huurudisha au huushusha bei. Wakulima wenye chanja za kuanikia na turubai huokoa sehemu, lakini mvua ya ghafla haimsubiri mtu afunike. Mwani wa namna hii huishia kutupwa, na ni mwingi kuliko ule uliooza ufukweni, na tena ni msafi zaidi, kwa kuwa hauna mchanga wala majani ya bahari.

Nimechukua mwani ulionyeshewa na mwani uliokauka vizuri, vyote vya kikundi kimoja na mavuno ya wakati mmoja, nikapima uzito sawa, nikaloweka kila mmoja katika maji yaliyosafishwa, na kupima upitishaji wa umeme wa maji hayo. Maji ya mwani mkavu yalipitisha umeme kwa nguvu kubwa, na ukiyaonja kwa ncha ya ulimi unajua sababu. Maji ya mwani ulionyeshewa yalikuwa hafifu waziwazi. Kwa mfanyabiashara wa karajinani mwani huu umeharibika, lakini kwa hamira, ambayo ndiyo itakayochachua sukari kuwa ethanoli na ambayo chumvi nyingi huidumaza, mvua imeshafanya kazi ambayo sisi tungelazimika kuifanya kwa maji baridi ya kisima, na maji baridi katika vijiji vingi vya pwani si ya kumwaga ovyo. Kilichobaki kujulikana ni kiasi gani cha karajinani chenyewe kimeondoka na mvua, na hicho nitakipima kwa kukausha na kupima uzito tena.

Kuanzia sasa mwani ulionyeshewa ndio malighafi kuu ya mradi. Utepetepe wa ufukweni umebaki kuwa chanzo cha bakteria na jeni zao.

Mei

Mwezi huu wote umekwenda kwenye hesabu ya sukari, na ninaiandika kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayoamua kila kitu kingine.

Karajinani ni mnyororo wa sukari mbili zinazopokezana. Ya kwanza ni galaktosi. Ya pili ni anhidrogalaktosi, yaani galaktosi iliyopoteza molekuli moja ya maji na kujifunga daraja ndani yake. Juu ya mnyororo huo kuna makundi ya salfeti: moja kwa kila jozi katika kappa, inayotoka kwenye kotonii, yaani Kappaphycus alvarezii, na mawili kwa kila jozi katika iota, inayotoka kwenye spinosamu, yaani Eucheuma denticulatum. Kotonii ina bei nzuri zaidi, lakini haistahimili joto la maji ya kina kifupi, na kufa kwake katika mashamba ya Zanzibar ni jambo ambalo Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa mwani wa Zanzibar, amelifuatilia kwa miaka mingi. Spinosamu ndiyo iliyobaki kwenye kamba nyingi, kwa hiyo hesabu yangu inaanza na iota.

Jozi moja ya iota pamoja na sodiamu zake ina uzito wa molekuli wa takriban 510, na galaktosi inayotoka humo ina uzito wa 180. Maana yake ni kwamba gramu 100 za iota safi haziwezi kutoa zaidi ya gramu 35 hivi za galaktosi. Kila gramu ya sukari ya aina hii, ikichacha kikamilifu, hutoa gramu 0.51 za ethanoli na iliyobaki huwa hewa ya ukaa, kwa hiyo kikomo cha galaktosi peke yake ni gramu 18 za ethanoli. Kama anhidrogalaktosi nayo ingechacha, kikomo kingekuwa mara mbili yake, gramu 36. Kwa kappa, yenye salfeti chache, vikomo hivyo ni takriban gramu 22.5 na gramu 45. Hivi ni vikomo vya karatasi, na mtambo wowote utapata pungufu ya hapo.

Sasa tuchukue lita moja ya maji yenye gramu 100 za iota. Huo tayari ni uzito mkubwa mno kukorogeka, mpaka vimeng'enya viukate mnyororo kwanza. Galaktosi peke yake itatoa ethanoli isiyofika asilimia 2. Watu wa mitambo ya kukenekea hutaja asilimia 4 kuwa kiwango ambacho chini yake nishati ya kuchemshia inakula faida ya ethanoli yenyewe. Kwa sukari zote mbili tunafika asilimia 3.6, karibu na mlango. Kwa sukari moja hatufiki kabisa. Hili ndilo jambo ninalotaka kila msomaji wa shajara hii alishike: ethanoli ya mwani mwekundu itasimama au kuanguka kwa ile nusu ya pili ya sukari, ambayo hamira haina njia ya kuila.

Kuna wanaopendekeza kutumia asidi na joto ili kuvunja mnyororo haraka. Asidi huvunja kweli, lakini anhidrogalaktosi haivumilii asidi. Hugeuka kuwa hidroksimethilifufurali, ambayo ni sumu kwa hamira. Njia hiyo basi inaharibu nusu moja ya sukari na kuzuia nusu nyingine isichache. Ndiyo maana nimeng'ang'ania vimeng'enya, ingawa ni ghali na ni vya taratibu.

Juni

Modeli ya hamira sasa inafanya kazi. Jenomu ya Saccharomyces cerevisiae ilikamilika kusomwa mwaka 1996, modeli ya kwanza ya umetaboli wake wote, yaani kemia yote ya seli, ilitoka mwaka 2003, na ninayoitumia ni Yeast8 ya mwaka 2019, kupitia programu ya COBRApy. Modeli ya aina hii ni orodha ya mibadiliko yote ya kikemia inayojulikana ndani ya seli, kila mmoja ukiwa na mizani yake, na kompyuta hutafuta mtiririko utakaoiwezesha seli kukua kwa kiwango cha juu bila kuvunja mizani yoyote. Kabla ya kuongeza kitu nimeijaribu kwa glukosi bila oksijeni. Ni lazima kuipa ergosteroli na asidi za mafuta kutoka nje, kwa kuwa hamira halisi haiwezi kuzitengeneza pasipo oksijeni, na modeli isiyopewa hivyo hukataa kukua, kama inavyopaswa.

Kwa galaktosi modeli haikuleta shida. Hamira huiingiza kwa njia ya Leloir, yaani mfululizo wa vimeng'enya unaoigeuza galaktosi, na gharama yake ya ATP, sarafu ya nishati ya seli, mpaka kufika kwenye glukosi-6-fosfeti ni sawa na ya glukosi. Hata hivyo hamira halisi huila galaktosi polepole, na imejulikana kwamba kuongeza jeni ya PGM2, ya kimeng'enya cha hatua ya mwisho ya njia hiyo, huongeza kasi hiyo. Vilevile, selulosi iliyomo katika mwani ikivunjwa hutoa glukosi, na hamira ikiona glukosi huzifunga jeni za galaktosi mpaka glukosi iishe. Modeli haijui adabu hiyo. Yenyewe hula vyote kwa pamoja. Nimeiwekea sharti la muda, glukosi kwanza na galaktosi baadaye, na matokeo yake yanafanana zaidi na yanayotokea katika chupa.

Upande wa jeni, jenomu za utepetepe zimepitishwa katika modeli za takwimu za familia za vimeng'enya vinavyokata sukari. Kwa kappa nilitafuta familia ya GH16, na kwa iota familia ya GH82. Katika GH16 kuna alama ndogo ambayo macho huizoea upesi, katika mpangilio wa asidi amino ambazo kila moja huandikwa kwa herufi moja: asidi ya glutamiki, herufi moja ya kati, asidi ya aspatiki, herufi moja au mbili, kisha asidi ya glutamiki tena. Hizo glutamiki mbili ndizo zinazokata mnyororo. Nilifungua mpangilio wa protini, nikaishusha safu hadi hapo, na katika protini moja ya fungu la daraja la juu nikaikuta alama yote imekamilika. Pembeni yake, katika uzi ule ule wa DNA, kuna jeni za salfatesi, vimeng'enya vinavyoondoa salfeti, na jeni inayofanana na ya kusafirisha sukari ndefu kuingia ndani ya seli. Mpangilio wa namna hii umeelezwa vizuri katika Zobellia galactanivorans, bakteria wa bahari ya Ufaransa anayekula karajinani mpaka mwisho, na kuuona katika bakteria wa Micheweni kumenipa furaha ambayo sioni sababu ya kuificha.

Salfatesi zenyewe zinahitaji tahadhari. Kimeng'enya cha kundi hili hakifanyi kazi kikiwa kimetoka tu kutengenezwa. Sisteini au serini iliyomo katika kitovu chake lazima kwanza ibadilishwe na kimeng'enya kingine kuwa formilglisini. Hamira haina kimeng'enya hicho cha kubadilisha. Mtu akiipa hamira jeni ya salfatesi pekee atapata protini iliyokunjika vizuri na isiyofanya lolote. Kwa sababu hiyo mpango umebadilika: kuondoa salfeti na kukata mnyororo kutafanywa nje ya hamira, kwa vimeng'enya vilivyotengenezwa ndani ya bakteria wa maabara, na hamira itapokea sukari moja moja zilizo tayari.

Julai

Nimeingiza katika modeli njia ya bakteria ya kuvunja anhidrogalaktosi. Sukari huoksidishwa kwanza kuwa asidi yake, daraja lake hufunguliwa kwa kupangwa upya, hutiwa fosfeti kwa gharama ya ATP moja, kisha hukatwa kuwa piruveti na gliseraldehidi-3-fosfeti. Nimehesabu kila atomu kwa mkono kabla ya kuiamini kompyuta. Molekuli moja ya anhidrogalaktosi na molekuli moja ya maji hutoa ethanoli mbili na hewa ya ukaa mbili, sawasawa na galaktosi. ATP inayobaki ni moja badala ya mbili, kwa hiyo hamira itakua taratibu zaidi, lakini sehemu kubwa zaidi ya sukari itaelekea kwenye ethanoli.

Ugumu uko katika hatua ya kwanza. Kimeng'enya cha kuoksidisha hukabidhi elektroni kwa kibebaji, NAD au NADP, ambavyo vikishabeba huitwa NADH na NADPH. Kikitumia NAD, NADH inayopatikana hutumika tena mwishoni wakati ethanoli inapotengenezwa, na mizani inafungika. Kikitumia NADP, hamira inabaki na NADPH isiyo na pa kwenda, kwa kuwa haina kimeng'enya cha kuhamisha elektroni kati ya akiba hizo mbili. Wanaofanya kazi na zilosi, sukari ya mbao na mabua, waliligonga tatizo hili hili, na sukari yao ikawa inaishia kuwa zailitoli badala ya ethanoli. Nimeendesha modeli kwa hali zote mbili. Katika hali ya NAD ethanoli inakaribia kikomo cha karatasi. Katika hali ya NADP, bila oksijeni, mtiririko wa anhidrogalaktosi unashuka sana, na kinachopita ni kile tu ambacho ukuaji wa seli unaweza kukitumia kama NADPH.

Kwa hiyo swali la jeni limekuwa finyu, na ninalipenda likiwa finyu: je, katika jenomu za utepetepe kuna kimeng'enya cha kuoksidisha anhidrogalaktosi chenye mfuko unaokubali NAD? Nimezikunja protini zote zinazogombea kwa AlphaFold, programu inayokadiria umbo la protini, na ninaangalia mahali ambapo NADP huweka fosfeti yake ya ziada. Palipo na asidi amino yenye chaji chanya, kama aginini, fosfeti hiyo hukaribishwa. Palipo na asidi yenye chaji hasi hufukuzwa, na NAD ndiyo inayopendelewa. Protini mbili zina chaji hasi mahali hapo. Umbo lililokadiriwa ni dalili tu. Uthibitisho utatoka kwenye kipimo cha mwanga wa nanomita 340, ambao NADH huufyonza na NAD haiufyonzi.

Agosti

Mwenzangu wa uhandisi ameuliza kwa nini tusiache ethanoli tukatengeneza biogesi, kwa kuwa bakteria wa utepetepe wanajua tayari kula kila kitu na hakuna haja ya kukeneka. Ni swali la haki na nimelichukulia kwa uzito. Jibu linategemea salfeti. Pasipo oksijeni, bakteria wanaopumua kwa salfeti huigeuza kuwa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza, ambayo ni sumu na hula vyuma vya jiko. Iota, yenye salfeti mbili kwa kila jozi, ni malighafi mbaya zaidi kwa hilo. Lakini kama salfeti itaondolewa kwanza na kuoshwa, njia zote mbili zinanufaika, na biogesi inaweza kuwa ndiyo ya kijiji huku ethanoli ikihitaji mtambo wa pamoja. Nimeongeza hesabu ya biogesi katika mpango wa miezi ijayo. Sitaitetea ethanoli kwa sababu tu ndiyo iliyoandikwa katika maombi ya fedha.

Kazi zinazofuata zimeshapangwa. Jeni za protini mbili zenye mfuko wa NAD zimeandikwa upya kwa msamiati wa hamira, yaani kwa herufi ambazo seli yake huzisoma kwa urahisi, na zitaagizwa. Hamira ya kawaida na hamira yenye PGM2 ya ziada zitapandwa katika galaktosi pamoja na maji ya kuloweka mwani ulionyeshewa, kisha katika maji ya mwani uliokauka vizuri, ili tujue chumvi inapunguza nini hasa. Kikundi cha Micheweni kimekubali kutenga mwani ulionyeshewa katika magunia yake wakati wa vuli, bila kuuchanganya na wa kuuza, na tumekubaliana kwamba magunia hayo yatalipiwa hata kama mnunuzi amekwisha kuukataa. Mama kiongozi ameuliza bei itakuwa ngapi kwa kilo, na makadirio yake lazima yawe tayari kabla mvua hazijaanza.